Simba ameshinda, imeshinda au wameshinda? Jibu kwa ofisi yenye jezi ukutani

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Nafanya kazi idara ya manunuzi katika kampuni moja hapa Dar es Salaam. Juu ya meza yangu nimetundika jezi ya Simba ya mwaka 2003 yenye saini za wachezaji, niliyoachiwa na baba mdogo. Nimeitia kwenye fremu na chini yake nimebandika karatasi: SIMBA AMEMTOA BINGWA WA AFRIKA, CAIRO 2003. Jirani yangu wa meza ni Yanga lialia. Yeye ana skafu na kikombe cha chai cha kijani na njano, na kibao chake kimeandikwa: YANGA IMEWAPIGA SIMBA GOLI TANO, BENJAMIN MKAPA 2023. Sasa anadai karatasi yangu ina kosa la sarufi, ishuke mpaka niandike "imemtoa". Namwambia simba ni kiumbe hai, na kiumbe hai huchukua a-, hata mtoto wa shule ya msingi anajua. Tukamwita mwenzetu kutoka Kisumu, shabiki wa Gor Mahia, awe refa. Yeye akasema sote tumekosea, ni "wamemtoa". Ubishi umefika kwa meneja, naye kasema tukishindwa kuumaliza ukuta utabaki mtupu. Nani yuko sahihi? Halafu, jezi "imesainiwa" au "imetiwa sahihi"?

JIBU

Marahaba. Nianze na hukumu, maana meneja anasubiri. Kwenye karatasi ya ukutani andika Simba kwa i-. Hapo jirani yako kakupata. Ila mwambie asipige vuvuzela bado, kwa sababu kibao chake mwenyewe kina kasoro zaidi ya moja, na kwenye karatasi yako kuna kosa jingine kubwa zaidi ambalo hakuliona, macho yake yote yakiwa kwenye neno Simba. Mwenzenu wa Kisumu naye hakukosea kama mnavyodhani. Alichokosea ni kusema ninyi wawili mmekosea kabisa.

Hoja yako ya kiumbe hai ni ya kweli, na ndiyo inayokuponza. Kiswahili kina tabia ya kuacha umbo la neno na kufuata uhai wa kinachotajwa. Kiboko ana ki- mwanzoni sawasawa na kiti na kisu, lakini kiboko *ameingia* mtoni, si *kimeingia*. Kipofu *amefika*. Refa kwa wingi ni marefa, umbo lilelile la magari na madirisha, lakini marefa *wamechezesha* vibaya, na ni marefa *wa* Ligi Kuu. Mtu akiandika "marefa ya Ligi Kuu", ama hajui ama ana hasira nao. Kwa hiyo simba wa Mikumi *ameua* nyati, na hapo hakuna wa kubishana nawe.

Lakini kama upatanisho hufuata kinachotajwa, lazima tuulize: aliyecheza Cairo mwaka 2003 ni nani, au ni nini? Hakuwa mnyama. Ilikuwa klabu yenye makao Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, yenye wanachama, viongozi na akaunti ya benki. Klabu ni ya ngeli ya I-ZI, na timu ni hivyohivyo. Neno Simba hapo limeazimwa tu likawa jina. Mwenye jina ni klabu, na anayetawala kitenzi ni mwenye jina.

Kama huniamini, jisikilize mwenyewe siku ya mechi. Unasema "Simba *yangu*", na hata ukiwa na hasira unasema "Simba *hii* ya msimu huu". Hujawahi kusema "Simba wangu". Ukisema hivyo ofisini, mtu wa masijala atakuuliza umemfuga wapi na kibali cha wanyamapori unacho. Kivumishi cha kumiliki hakina ushabiki, hutoka mdomoni kabla hujafikiri, na kila siku kinakuambia kwamba kichwani mwako Simba ni timu.

Sasa tuiache Simba kidogo, kwa sababu huko kila mtu ana upande wake. Tupite kwenye klabu nyingine ambazo majina yake yametoka ngeli mbalimbali.

Songea kuna Majimaji. Maji *yamemwagika*, maji *yamechemka*, lakini Majimaji *imeshinda*. Umewahi kusikia mtangazaji akisema "Majimaji yameshinda"? Mwanza kulikuwa na Mbao, iliyofika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2017 pale Dodoma ikafungwa na hiyohiyo Simba yako 2-1. Mbao za fundi seremala *zimepinda*, Mbao ya Mwanza *imefungwa*. Zanzibar ndiyo shule yenyewe. Mafunzo ya kazini *yameahirishwa*, Mafunzo ya Ligi Kuu *imeshinda*. Kipanga anayeruka na kifaranga cha watu *ameruka*, Kipanga ya mpira *imetoka sare*. Miembeni ni mahali, na mahali huchukua ku-: Miembeni *kuna* watu wengi. Lakini timu ikicheza, Miembeni *imefungwa*. Na wote tukija pamoja kuna Taifa Stars, timu ya taifa ya Tanzania. Neno taifa ni la LI-YA, lakini ilipokata tiketi ya AFCON ya 2019 baada ya kuikosa tangu 1980, hakuna aliyeandika "limefuzu". Magazeti yalisema *imefuzu*, na kwenye vichwa vya habari *yafuzu*.

Hapo mgeukie refa wenu wa Kisumu, maana klabu yake ndiyo inayofunga hoja hii vizuri kuliko zote. Gor Mahia lilikuwa jina la mtu, mganga mashuhuri katika simulizi za Wajaluo. Ni kiumbe hai kuliko hata simba wako, kwa kuwa huyu ni binadamu mwenye jina. Je, mwaka 1987 klabu hiyo ilipotwaa Kombe la Washindi la Afrika mbele ya Esperance ya Tunis, Wakenya walisema "Gor Mahia ametwaa kombe"? *Ilitwaa*. Basi kama jina la binadamu likivikwa klabu huiachia klabu itawale kitenzi, jina la mnyama litagoma kwa sababu gani?

Kinyume chake pia ni kweli. Rashidi Mfaume Kawawa aliitwa Simba wa Vita. Hapo jina la mnyama limevikwa mtu, na mtu huchukua a-: Simba wa Vita *alifariki* Desemba 2009. Mwandishi akiandika "ilifariki", mhariri atamwita pembeni.

Kuna jambo la historia ambalo mashabiki wengi vijana hawalifikirii. Ubishi wenu huu usingekuwapo kabla ya 1971. Klabu ilizaliwa mwaka 1936, mwaka mmoja baada ya Yanga, na kwa miaka mingi ilijulikana kwa jina la Sunderland. Sunderland *imeshinda*, Sunderland *imefungwa*, nani abishane? Jina la kigeni halina uhai masikioni mwa Mswahili. Lilipovuliwa na klabu ikaitwa Simba, ghafla neno lenye manyoya na meno likaingia mahali palipokuwa na neno lisilo na ngeli, na ulimi ukaanza kuvutwa huku na huku. Yanga hawajawahi kupata tabu hiyo. Young Africans lilifupishwa na watu wenyewe likawa Yanga, neno ambalo kabla ya hapo halikuwa na ngeli yoyote, likaketi kwenye I-ZI bila mtu kuuliza. Ndiyo maana jirani yako anajiamini sana kwenye sarufi. Jina la klabu yake halijawahi kumtega.

Sasa tuje kwenye "wameshinda". Mkenya wenu hakulitoa hewani. Tunaposema "Simba wamemtoa bingwa", tumeacha klabu tukaangalia watu kumi na moja waliovaa jezi. Msikilize mtangazaji wa redio mpira ukiwa unachezwa: "Simba *wanakwenda*, *wanagongeana* pale katikati, *wanapoteza*." Anaona watu, anasema watu. Halafu mechi ikiisha, mtangazaji huyohuyo anasoma matokeo: "Simba *imetoka* sare." Hajajikanganya. Mpira ulipokuwa unachezwa alikuwa na wachezaji mbele yake, na matokeo yanapoandikwa ni ya klabu.

Tofauti hii mimi naipenda kuliko zote, kwa sababu inabeba maana ambayo nje ya hapo ingehitaji sentensi nzima. "Yanga *wamechoka*" ni habari ya dakika ya 80: miguu mizito, kocha afanye mabadiliko. "Yanga *imechoka*" ni habari ya msimu mzima: kikosi kimezeeka, viongozi watafute pesa za usajili. "Simba *wamelala*" inamlaumu beki aliyemwacha mshambuliaji peke yake. "Simba *imelala*" inawagusa hadi wenye ofisi. Shabiki anayejua Kiswahili huchagua kati ya hizo mbili bila kujua kwamba amechagua.

Kwa hiyo kibao cha jirani kina shida hapo. Ameandika "Yanga *imewapiga* Simba". Yanga kwake ni klabu, Simba kwake ni watu. Kwenye mazungumzo haina neno, sote tunasema hivyo, na pengine kuna raha yake kidogo: sisi ni taasisi, ninyi ni kundi la watu waliopigwa. Lakini maandishi ya kutundikwa yachague njia moja yaifuate. Ama "Yanga *imeipiga* Simba", klabu kwa klabu, ama "Yanga *wamewapiga* Simba", watu kwa watu. Nilipokuwa meza ya michezo, sentensi ya mchanganyiko kama hiyo nilikuwa naikata kwa kalamu nyekundu asubuhi, na jioni kijiweni naisema mwenyewe.

Bado "ameshinda". Sitaki uondoke ukidhani nimelizika. Lina makazi yake, nayo ni kwenye utani. Klabu yako ina jina la kupanga, Mnyama, na ukilitumia hilo a- inakuwa lazima: Mnyama *ameunguruma*, Mnyama *anawinda*. Hapo picha ya simba mwenyewe imefufuliwa makusudi, na sarufi inaifuata picha. Watani wenu wanalipenda jina hilo kuliko hata ninyi, kwa sababu siku mkifungwa linawapa vitenzi vya bure: Mnyama *kachinjwa*, Mnyama *kachunwa ngozi*. Angalia pia hiyo ka-. Watu wa Pwani wanapohadithia kwa madaha hulitupa "ame-" na kuweka "ka-": Simba *kaumia*, Yanga *kafa* tano. Ni Kiswahili halali cha mdomo, na kina utamu ambao "imefungwa" hautaupata kamwe. Hakijakaa sawa kwenye fremu tu.

Kwa hiyo kama unaililia a- yako, njia ipo. Badilisha jina badala ya kiambishi: MNYAMA ALIMTOA BINGWA WA AFRIKA. Hapo jirani yako hana pa kukugusa.

Na kwa kuwa tumeshaingia kwenye utani, niwape silaha nyingine, maana naona mnapigana kwa fimbo wakati ghalani kuna mikuki. Mbinu kali kuliko zote kwa Mswahili anayetaka kumdogosha mtani wake ni kumnyang'anya uhai wake wa kisarufi. Mashabiki wa Yanga wanawaita ninyi Makolo. Kwa adabu wangesema "Makolo *wamefungwa*". Lakini wakitaka kuuma wanasema "Makolo *yamefungwa*, *yamenuna*". Hiyo ya- imewatoa kwenye ngeli ya watu ikawapeleka kwa mawe na makopo. Ninyi mkawajibu kwa Utopolo, na kwa furaha kabisa mkasema "Utopolo *umelala*", kama vile mnazungumzia ugali uliopoa. Ukitaka kupunguza ukubwa, tumia ki-: "ki-Yanga chenu *kimeponea* chupuchupu", "kijezi chako *kile* ukutani". Kitoto *kimelia*, kizee *kimepita*. Uhai upo, lakini dharau imeushinda nguvu. Lugha inaruhusu. Ofisini tumieni kwa kiasi, na msitumie kwa mtu aliyejiunga juzi ambaye hajajua kwamba Simba na Yanga huitwa watani wa jadi kwa sababu. Mtani hakasiriki, lakini lazima kwanza ajue kwamba yeye ni mtani.

Lipo pia la mahali, ambalo waandishi wa vichwa vya habari wanalitegemea sana. Mkishindwa kuelewana kati ya i-, a- na wa-, hamieni mtaani: Msimbazi, kwa Simba, *kumechangamka*; Jangwani, kwa Yanga, *kumenuna*. Hapo hakuna mnyama, hakuna mchezaji, hakuna klabu, kuna anga tu ya mtaa mzima usiku ule. Nadhani ndiyo sentensi ya kimpira iliyo nzuri kuliko zote katika Kiswahili, na hakuna anayeifundisha darasani.

Sasa nije kwenye lile kosa kubwa la karatasi yako, ambalo jirani yako angelikuwa mtulivu angelikumaliza nalo. Ni wakati. Umeandika "AMEMTOA ... 2003". Kiambishi -me- husema jambo limekamilika na hali yake bado ipo nasi: mvua imenyesha, njia ina tope. Asubuhi baada ya mechi ya Cairo, gazeti lilikuwa na haki ya kuandika "Simba imemtoa bingwa", maana bingwa alikuwa bado anafunga mizigo. Kumbukumbu yenye tarehe ni jambo la zamani lililofungwa, na jambo hilo huchukua -li-. *Ilimtoa*. Ukiweka -me- pamoja na mwaka uliopita zamani, msomaji anahisi kama shabiki aliyelala 2003 ndio kwanza anaamka. Kibao cha Yanga kina ugonjwa huohuo, kwa hiyo hapo mko sare. Badilisheni wote.

Kuhusu "-m-" uliyoiweka mbele ya bingwa, hiyo ni sawa, usikubali mtu akuguse. Bingwa ni neno la mtu hata linapobebwa na klabu, kwa hiyo "ilimtoa bingwa" imesimama vizuri. Ukitaja klabu yenyewe inageuka: "iliitoa Zamalek". Nakushauri uitaje. Karatasi yako imekaa kimya kuhusu sehemu tamu kuliko zote. Zamalek walikuwa wamelibeba taji la Afrika mwaka 2002, wakavuliwa ubingwa nyumbani kwao, tena kwa mikwaju ya penalti. Mgeni anayekuja na ankara zake akisoma "bingwa wa Afrika" tu hatajua ni nani, na akisoma Zamalek atasimama.

Kwenye kibao cha jirani, "goli tano" ni lugha ya kila siku na siigombi mtu anapoongea. Kwa Kiswahili sanifu goli lina wingi wake, magoli, na magoli huwa *matano*. Vivyo hivyo bao na mabao. Lakini kasoro ya kibao hicho naiona zaidi kwenye ukweli. Mechi ile ya tarehe 5 Novemba 2023 iliisha 5-1. Yeye kataja matano, moja kalimeza. Kumbukumbu isiyotaja bao la mwenzio ni nusu kumbukumbu. Mdai bao lako moja kwa maandishi. Ni haki yako, na litamuuma kuliko somo lolote la ngeli.

Nimeona ofisi nyingi zenye ukuta kama wenu, na ubishi wa ngeli ndio unaopata kelele wakati makosa ya historia yanapita salama. Hayo ndiyo ya kuangalia mkiongeza vitu. Jirani yako akitaka kuenzi ushindi wa Yanga wa 5-0 wa mwaka 1968, hawezi kuandika "Yanga iliifunga Simba". Simba haikuwapo kwa jina hilo, aliyefungwa aliitwa Sunderland. Nawe ukitaka kumjibu kwa 6-0 ya mwaka 1977, ile ambayo Abdallah Kibadeni alifunga mabao matatu peke yake, hapo jina ni Simba kweli, lakini uwe makini na uwanja. Uwanja wa Taifa wa enzi hizo ndio leo unaoitwa Uhuru. Ule mkubwa wa jirani yake ulifunguliwa 2007 ukalirithi jina la Taifa, na jina la Benjamin Mkapa umelipata mwaka 2020. Kwa hiyo 5-0 ya Simba ya Mei 2012 huwezi kuiandikia "Benjamin Mkapa", na jirani yako kwa mechi yake ya 2023 yuko sawa. Mpe hiyo, naye ana siku yake.

Mkitaka kitu kimoja cha kutundika mapokezi, mahali ambapo wateja wa pande zote hupita, tafuteni picha ya sare ya 3-3 ya Oktoba 2013. Yanga walikwenda mapumziko wakiongoza 3-0, Simba wakarudisha yote kipindi cha pili. Hakuna shabiki atakayeipita bila kucheka na bila kuumia.

Kuhusu kikombe cha chai cha jirani, nasikia huko nako kuna mzozo usioutaja, maana ofisi zote zina huo. Kikombe ni cha chai, kombe ni la ubingwa. Akiandika "kikombe chetu cha ubingwa" amelidogosha taji lake mwenyewe kwa ki- ileile ya "kijezi". Mwacheni aandike.

Nimeulizwa lugha, lakini siwezi kukaa kimya juu ya jezi yenyewe. Saini za wino wa kalamu kwenye kitambaa cha polista hufifia zikipigwa na jua, na fremu iliyotazamana na dirisha la ofisi hupigwa jua kutwa. Isogeze ukuta wa ndani. Usiifue hata ikinuka chumba cha baba mdogo. Gundi isiguse kitambaa, karatasi ya maelezo ikae nje ya kioo au ibandikwe kwenye kadi iliyo nyuma. Na ukiwa bado unawakumbuka waliosaini, andika majina yao kwenye karatasi tofauti uiweke mgongoni mwa fremu. Baada ya miaka, saini nyingi huwa mikunjo tu ambayo hakuna anayeweza kuisoma, na jezi nyekundu isiyo na majina haina tofauti na jezi yoyote ya Kariakoo.

Meneja wenu mwambieni hivi: karatasi mbili mpya, herufi za ukubwa mmoja, zinatundikwa siku moja. Yako isomeke: *Jezi ya Simba iliyosainiwa na wachezaji. Mwaka 2003 Simba iliitoa Zamalek, bingwa mtetezi wa Afrika, jijini Cairo kwa mikwaju ya penalti.* Ya jirani: *Skafu ya Yanga. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga iliifunga Simba mabao 5-1, Uwanja wa Benjamin Mkapa.* Mwenzenu wa Kisumu apewe nafasi ya tatu ukutani alete chochote cha 1987, kwa sharti kwamba ataandika "ilitwaa".

Na hilo la mwisho. "Imesainiwa" inatosha. Saini imeshakuwa Kiswahili, ina kitenzi chake kusaini, na kitenzi kinatendwa bila shida. "Imetiwa sahihi" nayo ni nzuri na ni ya kale zaidi, wazee wa masijala wanaipenda. Tatizo lake ukutani kwenu ni kwamba neno sahihi lina maana mbili. Ukiandika "jezi yenye sahihi", jirani yako ataanza kuuliza ile isiyo sahihi iko wapi, na mtarudi tena kwangu.